Nani Mwenyeji wa Msiba?

Hebu, ndugu msomaji, mtazame mtu huyu. Amefiwa na mama yake mzazi. Nje ya nyumba turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa kwa safu, kipaza sauti kimekwisha kujaribiwa mara tatu, na moshi wa jikoni unapanda. Watu wamejaa. Na yeye mfiwa yuko wapi? Yuko nyuma ya nyumba, simu sikioni, akibishana juu ya bei ya mafuta ya jenereta.

Nilimwona mtu huyo katika kijiji kimoja cha Upangwa, wilayani Ludewa. Sitamtaja jina wala kijiji chake, kwani hakufanya kosa lolote la kumwaibisha. Tulisafiri na jeneza kutoka Dar es Salaam usiku kucha. Alfajiri tukaiacha barabara kuu iendayo Tunduma pale njia panda ya Makambako, tukapita upande wa Njombe, tukashika barabara ya Itoni inayopanda milima kwenda Ludewa na Manda, kwenye baridi ipenyayo koti. Marehemu alikuwa jirani yangu mjini kwa miaka sita, akiishi kwa mwanawe. Yeye alikuwa Mkristo na sisi ni Waislamu, lakini hodi yake nyumbani kwangu haikungoja karibu, na watoto wangu walimwita bibi. Walikuwapo walioniuliza kama ilinipasa kusafiri na jeneza la asiye wa dini yangu. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba jeneza lilipita na Mtume (s.a.w.) akasimama, alipoambiwa kuwa ni la Myahudi, aliuliza kama hiyo nayo si nafsi. Mimi nimetosheka na hilo.

Tulipofika, mwana wa marehemu hakuwahi kuingia ndani kuwaona mama zake wadogo. Watu watatu walikwisha kumwita pembeni. Wa kwanza alidai fedha ya turubai, wa pili alitaka jibu juu ya ng'ombe wa pili, na wa tatu alikuwa mshereheshaji aliyetaka orodha ya wageni wa heshima na utaratibu wa salamu. Zingatia neno hilo, msomaji: mshereheshaji. Sherehe imo ndani yake, na hakuna aliyeona haya kulitamka mbele ya maiti.

Jioni ya siku ya pili, baada ya maziko, nilimkuta ameketi juu ya gogo kando ya shamba la mahindi. Nikampa pole mara nyingine. Akanitazama kwa muda, akasema: "Kaka, sijalia bado. Sijapata nafasi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Si kwamba matanga hayajapata wakosoaji. Kila mwaka twasikia kwenye mimbari na kusoma magazetini kwamba tunafuja mali misibani. Ni kweli tunafuja. Lakini ukosoaji wa namna hiyo hupima ukubwa wa sufuria tu, ukasahau kuuliza sufuria ni ya nani na nani amekaa jikoni. Mimi ningependa tuihakiki desturi hii kama ahakikivyo msomi utungo: tuulize kila sehemu yake iliwekwa kwa kazi gani, na ni ipi iliyobaki kama pambo baada ya kazi yake kwisha.

Tuanze na lugha yenyewe, maana Kiswahili kimehifadhi mambo ambayo sisi wasemaji tumeyasahau. Harusini mtu hualikwa. Msibani hakuna mwaliko; hupelekwa habari tu, na aliyeipata hutoka. Basi kama sikualikwa, mimi si mgeni. Na kama mimi si mgeni, mfiwa hawezi kuwa mwenyeji wangu. Twasema pia kulala matanga, wala hatusemi kuhudhuria matanga. Kulala ni kitendo cha mwili: unaacha kitanda chako, unalala juu ya mkeka au jamvi la mwenzio, ili usiku anapozinduka akakumbuka kwamba ni kweli, asikie pumzi za watu. Hiyo ndiyo kazi, na haina haja ya kipaza sauti.

Sheria yetu nayo ilianzia hapo hapo. Mwaka wa 8 Hijria, yaani 629, Jaafar bin Abi Talib aliuawa katika vita vya Muta. Habari ilipofika Madina, Mtume (s.a.w.) aliagiza watu wa nyumba ya Jaafar watengenezewe chakula, kwa kuwa limewafika jambo la kuwashughulisha. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Maja, na kila sheikh wa mtaa anaijua. Lakini angalia chakula kinapita njia gani: kinatoka nje kikiingia ndani. Sahaba Jarir bin Abdallah naye amepokewa akisema kuwa wao walikuwa wakihesabu kule kukusanyika kwa wafiwa na kupikwa chakula huko baada ya maziko kuwa ni sehemu ya maombolezo yaliyokatazwa. Wanazuoni wamejadiliana sana juu ya mipaka ya kauli hiyo, nami si mwanachuoni wa kuwaamulia. Nionacho ni kwamba kauli zote mbili zinalinda kitu kimoja, nacho ni mikono ya mfiwa. Iachwe mitupu.

Iachwe mitupu kwa nini? Kwa sababu huzuni ina kazi yake. Mtume mwenyewe alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, macho yake yalitoka machozi mbele ya watu, na alipoulizwa alieleza kuwa hiyo ni huruma. Kilichokatazwa ni kupiga mashavu na kupasua nguo. Kulia hakukukatazwa. Sasa sisi tumebuni katazo jipya lisilo na aya wala hadithi: mfiwa asilie mpaka amalize mahesabu.

Usidhani, msomaji, kwamba elimu hii ilikuwa yetu peke yetu na kwamba watu wa milimani waliishi bila mpango. Ng'ambo ya milima ya Upangwa, upande wa juu wa Ziwa Nyasa, Godfrey Wilson alikaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1939 akachapisha makala juu ya maziko yao. Alikuta wanawake wakilia kwa sauti kuzunguka nyumba, na nje vijana wa kiume wakicheza ngoma na mikuki mikononi. Msomaji wa haraka atasema huo ni ushenzi: maiti ndani, ngoma nje. Lakini tazama mgawanyo wenyewe. Kila mtu aliyefika alikuwa na la kufanya kwa mwili wake, na hakuna aliyeachwa aketi safu ya nne akisubiri ratiba. Mimi sisemi tucheze ngoma makaburini. Nasema wale watu walikwisha kujua kwamba mwombolezaji asiye na kazi hugeuka mtazamaji.

Kuhusu Wapangwa wenyewe, Mswisi Hans Stirnimann aliandika vitabu viwili: kimoja, cha mwaka 1976, kinahusu riziki na kazi zao za mikono, cha pili, cha 1979, mpangilio wa jamii yao na ibada za maisha. Vyote viwili ni vya Kijerumani. Hivyo mwanafunzi wa Zurich aweza kukaa maktabani akasoma ibada za Upangwa, na kijana wa Lugarawa, ambaye babu zake ndio walioulizwa maswali, hawezi. Nalitaja hili kwa uchungu, ijapokuwa si mada yangu. Mtu asiyekuwa na maandishi ya desturi yake huichukua ile anayoiona kwenye televisheni.

Lakini pia tusiipambe ya kale kupita kiasi. Mikeka ile ile waliyokalia watu kuliwaza ndiyo waliyokalia kunong'ona nani amemroga marehemu, na wapo vikongwe waliokimbia vijiji vyao kwa neno lililozaliwa matangani. Wapo wajane waliotoka edani, au katika maombolezo ya kwao, wakakuta mashemeji wamekwisha kugawana mabati. Na ndugu waliokuja kulala matanga waliweza kukaa mpaka ghala ya mfiwa ikabaki pumba. Kipimo chetu basi kisiwe kale na leo. Kiwe hiki: desturi hii inamwondolea mfiwa mzigo, au inamwongezea?

Kwa kipimo hicho, wilaya ya Ludewa na mkoa wake zina la kutufundisha, kwani zimezika sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2011–12 uliuonyesha mkoa wa Njombe kuwa wa kwanza Tanzania Bara kwa maambukizo ya virusi vya UKIMWI, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Ule wa 2016–17 ulitoa asilimia 11.4. Kila hesabu ya namna hii ina makaburi nyuma yake, hasa ya miaka ile kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure, mwaka 2004. Mzee mmoja aliyekaa nami kwenye gogo lile lile alinieleza kwamba kulikuwa na majira ambapo watu walitoka kaburi hili wakaenda kaburi lile bila kupitia shambani. Wakapunguza siku za kukaa, kwa kuwa palizi haingoji. Hawakupunguza kuja. Na alisema jambo jingine ambalo sijalisahau: katika misiba ile hakuna aliyeuliza marehemu alikufa kwa nini. Hospitalini waliuliza, majirani waliuliza kisimani, lakini aliyekaa juu ya mkeka alichota maji, akachanja kuni, akachimba, akanyamaza. Huo ulikuwa wema ambao mahubiri hayakuufikia.

Kwenye miaka hiyo hiyo, katika vijiji vingi vya nchi yetu, vilishika nguvu vyama vya kufa na kuzikana. Utaratibu wake waujua: ada ndogo, daftari, sufuria kubwa na sahani za pamoja, wanachama wa kuchimba, wanachama wa kupika, na faini kwa asiyetokea. Wapo wanaovicheka kwa sababu ya ile faini, wakisema huruma haitozwi. Mimi siwacheki. Afadhali jirani aliyekuja kwa kuogopa faini akachota ndoo mbili za maji, kuliko yule aliyekuja kwa mapenzi akakaa kungoja pilau.

Kijiji kile nilichokwenda kilikuwa na chama cha namna hiyo. Sufuria zilikuwapo, na sahani, na vijana wa kuchimba. Nilipouliza kwa nini basi turubai, jenereta na viti vilikodiwa mjini, nilijibiwa kuwa baadhi ya jamaa waliona ni aibu mama wa mtu wa Dar es Salaam azikwe kwa sufuria za kijiji. Ndipo nilipoelewa. Chama kilikuwa tayari kuubeba msiba. Ukoo ukaupokonya ili uonekane. Na kitu kikishakuwa cha kuonekana, lazima apatikane wa kukigharimia.

Umbo hili la msiba wa kuonekana limetoka wapi? Naamini tumelichukua kwa misiba ya wakubwa. Mwalimu Nyerere alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999 akazikwa Butiama tarehe 23, wengi wetu tuliona kwa mara ya kwanza, kwenye televisheni, maziko yenye ratiba, safu za viti, wasemaji kwa zamu. Kwa msiba wa taifa hilo halina budi, kwani waombolezaji ni mamilioni wasiojuana. Na hata huko umati una hatari zake: tarehe 21 Machi 2021, watu walipofurika Uwanja wa Uhuru kumuaga Rais Magufuli, 45 walikufa kwa kukanyagana. Sasa je, kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzie kwa sauti ya kikohozi kina haja gani ya mtu wa kuwatambulisha?

Ludewa yenyewe iliwahi kuwa katikati ya msiba wa namna hiyo. Tarehe 15 Oktoba 2015, siku 10 kabla ya uchaguzi mkuu, helikopta iliyomchukua Deo Filikunjombe ilianguka katika Pori la Akiba la Selous, na wote 4 waliokuwamo wakafa. Alikuwa mbunge wa Ludewa tangu 2010 na alikuwa akigombea tena. Nchi ilimfahamu zaidi mwaka 2014, alipokuwa makamu mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya hesabu za serikali wakati wa sakata la Escrow. Mengi yalisemwa na kuandikwa siku zile, lakini jambo moja la kavu la kisheria ndilo linalonivuta mimi. Mgombea akifa, uchaguzi wa jimbo hilo husimama. Wananchi wa Ludewa walipiga kura ya rais mwezi ule pamoja na wenzao, lakini ya mbunge ikangoja mpaka Desemba. Ona basi: sheria ya nchi, isiyojua kulia, ilifanya kile ambacho matanga hufanya tangu zamani. Ilisimamisha shughuli. Ilikubali kwamba mahali pa aliyekufa pabaki wazi kwa kitambo kabla ya kujazwa. Sheria imempa kitambo hicho mgombea, na sisi tumemnyima mwana aliyefiwa na mama yake.

Nawe msomaji usijifariji kwamba nawasema Wapangwa au Wakristo. Nyumbani kwetu hali ni ile ile, na pengine ni mbaya zaidi, kwa sababu sisi hadithi ya Jaafar tunaijua. Hebu kumbuka khitma ya mwisho uliyokwenda. Juzuu zilisomwa mbio, wengine hawakumaliza kurasa zao, na shingo zote zilikuwa zimegeukia upande wa jikoni. Mjane yumo edani, miezi minne na siku kumi, na kutoka chumbani anaulizwa mchele utatosha kilo ngapi. Nimekaa katika khitma nikamsikia mtu akilalamika kwamba nyama ilikuwa ngumu. Nimekula pilau hiyo hiyo, nami sikumjibu. Wenzetu wa Upangwa angalau wana udhuru kwamba waliiga. Sisi tuliachiwa maagizo wazi, tukayageuza juu chini, kisha tukaweka ubani ili kunukie dini. Khitma yenyewe, kama kisomo na dua, sina ugomvi nayo hapa. Wenye kuipinga na wenye kuitetea wana kurasa zao. Nagombana na pilau inayotoka kwa mfiwa.

Uchunguzi uliofanywa mkoani Kagera mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wa vifo vingi, ulionyesha kwamba nyumba zilizofiwa zilitumia kwa mazishi zaidi ya zilichotumia kumtibu mgonjwa. Lifikirie hilo unapoombwa mchango. Tulikuwa na fedha. Tulizitoa alipokwisha kufa.

Narudi kwa rafiki yangu, kwani nilimwacha juu ya gogo. Asubuhi ya siku ya tatu simu yake ililia tena, na kabla hajaipokea mama yake mdogo, bibi mfupi mwenye kitenge cha bluu, aliichukua mkononi mwake akaizima. Akaifunga katika pindo la kitenge kama watu wafungavyo sarafu. Hakusema mengi. "Mwanangu, kaa," alimwambia, akamwonyesha mkeka walioukalia wanawake. Wanaume wawili walikuja wakasema mambo ya jenereta; bibi yule akawaelekeza kwa mwenyekiti wa chama cha kuzikana, nao wakaenda. Mshereheshaji alikuwa amekwisha kuondoka. Uwanjani hapakuwa na sauti isipokuwa kuku na mtu akichanja kuni.

Alikaa. Kwa kitambo hakuna kilichotokea. Aliyaangalia magoti yake tu. Mmoja wa wanawake akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuwa akiwakimbiza nyani shambani utotoni, jambo la kuchekesha, na wengine wakacheka kidogo. Ndipo alipolia. Alilia kama mtoto, kinywa wazi, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Mama mdogo alimshika kisigino, kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu na mkono wake, na hakukiachia mpaka alipomaliza.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikaona haya ya kutazama, nikaenda kuwasaidia waliokuwa wakichanja kuni. Shoka lilikuwa butu na mimi ni mtu wa ofisini. Nilichanja vijiti vitatu, wakanicheka.

Kesho yake tulianza safari ya kurudi. Bibi alimrudishia simu mlangoni mwa gari. Tuliteremka milima kwa kimya chepesi, tofauti na kimya tulichokuja nacho. Kipande cha barabara kati ya Lusitu na Mawengi, kilomita 50, kimejengwa kwa zege, na gari lilipita pale bila kututikisa. Rafiki yangu alilala, kichwa kwenye kioo. Makambako tulisimama kunywa chai. Alikuwa amekwisha kumega chapati na kuanza kunihadithia habari za wale nyani, simu ilipolia. Aliitazama, akaiweka mezani, ikalia tena. Alikuwa mwenye turubai, akiulizia salio lake.